Hoteli za ndani ya Disney World kwa bei kamili: kuna mtu analipa kweli, au tunapigwa?

MchumiaJuani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mama yangu amepata viza, anakuja kututembelea Columbus kutoka Moshi, na wajukuu wameshamwahidi Disney kabla mimi mlipaji sijaulizwa. Tuko watano: mimi, mke, bibi, na watoto wawili, mmoja miaka minne na mwingine saba. Tunashuka Florida kwa gari, karibu maili 950, wiki ya pili ya mwezi wa nane kabla shule za huku hazijafunguliwa. Usafiri kwa hiyo si shida.

Shida ni malazi. Nimeingia tovuti ya Disney kuangalia hoteli zao wenyewe, zile zilizo ndani ya eneo lao. Animal Kingdom Lodge, chumba kinachotazama wanyama, kinakaribia dola 700 kwa usiku, kodi bado. Caribbean Beach, ambayo wanaiita ya daraja la kati, iko kwenye 300. Nikahamia hoteli za nje, mji wa jirani wa Kissimmee, barabara ya US-192: dola 110, kifungua kinywa humohumo. Bwawa lipo, kitanda kipo, maji ya moto yapo.

Sitaki majibu ya "kama huna hela kaa nyumbani", wala ya "Disney ni majambazi". Nataka mtu aliyeko huku anieleze ile tofauti ya dola 190 kila usiku inanunua kitu gani hasa. Nawasilisha.

Kijana wa Ilala

Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Ila mkuu, dola 700 umwoneshe mama twiga? Mama ametoka Moshi! Kwa hela hiyo Seronera analala hemani na simba anamuungurumia bure.

BwanaHesabu

Tuache mzaha, tuweke namba mezani. Chukulia usiku tano na siku nne za bustani, yaani zile bustani za michezo za Disney.

Caribbean Beach: 300 mara tano ni 1,500. Kodi ya hoteli upande wa Orange County ni asilimia 12.5, unafika 1,687. Kuegesha gari hotelini bure, kuegesha kwenye bustani bure kwa mgeni wa hoteli.

Kissimmee: 110 mara tano ni 550. Hapo wengi hawasomi maandishi madogo, kuna kitu kinaitwa ada ya risoti, chukulia 25 kwa usiku, unakuwa 675. Kissimmee iko Osceola County, kodi asilimia 13.5, unafika 766. Maegesho ya hoteli, tuseme 15 kwa usiku, 75 nyingine. Halafu kila siku ya bustani unalipa kuegesha kwa Disney, chukulia dola 30, hizo 120. Jumla 961.

Kwa hiyo tofauti yako si dola 190 kwa usiku kama ulivyodhani. Ni kama 726 kwa safari nzima, au dola 181 kwa kila siku ya bustani. Bado ni hela nyingi, lakini angalau sasa unabishana na namba ya kweli.

MchumiaJuani

BwanaHesabu barikiwa sana. Haya, hizo 726 ndizo ninazouliza. Nikizitoa napewa nini?

ShangaziDallas

Mwanangu, hesabu ya huyo bwana iko sawa, ila ndani yake hamna asubuhi. Ngoja nikueleze asubuhi ya mtu anayetoka Kissimmee kwenda Magic Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Disney pale.

Anafunga watoto mikanda, nusu saa barabarani kama barabara kuu ya I-4 haina ajali. Analipa langoni, anaelekezwa mstari wa kuegesha. Anazima injini, watoto wanapiga kelele "tumefika", kumbe wamefika TTC tu, kituo cha kubadilishia usafiri, na ziwa zima la Seven Seas Lagoon bado liko katikati yao na geti. Anapita ukaguzi wa mabegi. Anapanga foleni ya monoreli au ya kivuko, anakunja kigari cha mtoto, anavuka. Hapo ndipo anaona geti lenyewe. Tangu kuzima injini mpaka kuingia, mwekee dakika 45 siku ya watu wengi. Na usiku baada ya fataki ni njia ileile kinyumenyume, pamoja na umati wote wa siku hiyo, mdogo amelala begani kwako na bibi magoti yanamuuma.

Aliyelala hoteli ya Contemporary anatoka kwa miguu, kama dakika kumi yuko getini. Aliyelala Polynesian au Grand Floridian ana monoreli mlangoni. Aliyelala Caribbean Beach au hata All-Star, ile ya bei ya chini kabisa, anapanda basi la Disney linalomshusha mbele ya geti, TTC haioni.

Jambo la pili ni nusu saa. Bustani ikitangazwa inafunguliwa saa tatu asubuhi, mgeni wa hoteli yoyote ya Disney anaingia saa mbili na nusu, kila siku, bustani yoyote kati ya zile nne. Watu wanaidharau hiyo nusu saa mpaka waitumie. Magic Kingdom saa hiyo zinafunguliwa sehemu za Fantasyland na Tomorrowland. Peter Pan's Flight, mchezo wa dakika chache ambao mchana foleni yake inavuka saa nzima, asubuhi hiyo unaingia kama unaingia jikoni kwako. Ukitoka hapo Seven Dwarfs Mine Train. (Hiyo inataka inchi 38, mpime mdogo nyumbani kabla hujamwahidi kitu, kilio cha kwenye kile kibao cha kupimia nimekishuhudia mara nyingi.) Saa tatu na robo umeshamaliza michezo miwili ambayo mwenzako wa Kissimmee ataipata adhuhuri akiwa amelowa jasho.

La tatu ni usingizi wa mchana. Mwezi wa nane Florida jua linachoma mpaka saa nane, kisha mvua ya radi karibu kila alasiri. Mtoto wa miaka minne na bibi hawavumilii siku nzima humo, usijidanganye. Ukiwa hoteli ya ndani unawarudisha, wanaoga, wanalala, saa kumi na moja mnarudi bustanini wakiwa watu wapya. Ukiwa US-192 ukishatoka umetoka.

Hizo 726 ndizo hizo. Kama wewe ni mtu wa kuamka saa nne na kushinda bustanini mpaka usiku, usizitoe.

KiburiSina

Shangazi anauza vizuri, Disney wamwajiri. Lakini aseme na vilivyoondolewa.

Zamani mgeni wa hoteli alichukuliwa uwanja wa ndege wa Orlando bure na mabasi ya Magical Express, tangu 2005. Yalikoma mwanzoni mwa 2022. Ile nusu saa anayoisifu ilikuwa saa nzima, na siku nyingine masaa ya usiku juu, kwa kila mgeni wa hoteli. Sasa masaa ya usiku, mawili kwa siku chache walizochagua wao, wanapewa waliolala hoteli za daraja la juu peke yao. FastPass, ile nafasi ya kuruka foleni, ilikuwa bure kwa wote, mgeni wa hoteli akichagua siku 60 kabla na mtu wa nje siku 30. Siku hizi ni Lightning Lane na unalipia kwa kichwa, ukiwa hotelini au nje. Haki uliyobaki nayo ni kuinunua siku 7 kabla badala ya siku 3. Yaani tunalipia haki ya kulipia mapema! Hata maegesho hayo ya bure ya hotelini, waliyatoza kuanzia 2018 wakarudisha bure 2023 watu walipopiga kelele.

Bei ilipanda wakati vitu vinapungua. Huo ndio msingi wa hoja yangu, mengine ni mapambo.

ShangaziDallas

KiburiSina, hayo yote ni kweli, na mimi Magical Express naililia mpaka leo. Lakini yeye haendi mwaka 2015, anaenda mwezi wa nane. Mlinganishe na wa Kissimmee wa mwezi wa nane.

Na hizo siku 7 kwa 3 si mapambo. Mgeni wa hoteli siku 7 kabla ya kuingia anapangia safari nzima mara moja. Michezo mikubwa kama Slinky Dog Dash kule Hollywood Studios, nafasi nzuri za asubuhi zinaondoka mapema sana. Wa siku 3 anakuta jioni, au hakuti.

Mla Kalo wa Mbarara

Napita tu, ila kuna jambo linanichekesha tangu siku ya kwanza nilipoingia ile Animal Kingdom Lodge. Unapita ukumbi mkubwa wenye paa refu la makuti, taa zimepambwa kwa ngao, unatoka nyuma kwenye kibaraza, watu wamejaa na kamera, kimya kabisa, wanaangalia kitu kwa heshima. Nasogea. Ng'ombe wa Ankole! Pembe zile zile! Mzungu mmoja akaniuliza kama nimewahi kumwona mnyama wa ajabu hivyo. Nikamwambia babu yangu alitoa mahari ya hao.

Sasa, siri: huhitaji kulala pale ili kuwaona. Weka nafasi ya chakula cha mchana mgahawa wa Sanaa, uko jengo la Kidani Village ambalo liko jirani. Mgahawa uko usawa wa chini na madirisha yanatazama mbugani, pundamilia anapita huku unachovya mkate. Chukua ile sinia ya mikate na vichovyo vyake, mezani inatosha wengi, na bibi atakuta ladha za kihindi za pwani anazozijua. Kuegesha ni bure ukiwa na nafasi ya chakula. Mkishiba tembeeni jengo lingine la hoteli, Jambo House, vibaraza vya kutazama wanyama havina kizuizi. Umeokoa dola mia kadhaa za "chumba kinachotazama mbuga", ambacho kwa familia inayoshinda bustanini mnakitazama gizani tu.

Kijana wa Ilala

Kalo wa Mbarara umenimaliza 😂😂 Dola 700 kutazama ng'ombe wa babu.

MamaMapacha

Mimi Animal Kingdom Lodge nimelala, na sikulipa bei ya tovuti. Kuna watu wanamiliki pointi za Disney Vacation Club, mfumo ulioanza 1991, ambao kila mwaka wanapewa pointi za kulala. Wasipozitumia wanazikodisha. Unawapa dola ishirini hivi kwa pointi, wanakuwekea nafasi kwa jina lako. Jedwali la pointi liko wazi mtandaoni: ukikuta studio ya tarehe zako ni pointi 14 kwa usiku, hiyo ni 280 kwa hoteli ambayo tovutini ni 500 na kitu. Na unapata kila haki ya mgeni wa daraja la juu, pamoja na yale masaa mawili ya usiku.

Ubaya wake: hela ikitoka imetoka. Mwaka mmoja mwanangu alipata tetekuwanga wiki ya safari. Yule wakala, jina naliacha, akanisomea mkataba kwa simu, upole mwingi, senti haikurudi. Na chumba hakisafishwi kila siku kama hoteli, mnatoa takataka wenyewe mkitaka. Halafu kwa mwezi wa nane mwaka huuhuu umechelewa. Mwenye pointi anaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla kwenye hoteli yake na 7 kabla kwenye nyingine, kwa hiyo vyumba vya pointi chache huwahiwa na wenyewe.

MchumiaJuani

MamaMapacha pole na tetekuwanga. Kwa bibi mwenye presha na safari ambayo bado miezi kadhaa, siwezi kuingia mkataba usiorudisha hela. Hiyo naiacha.

Swali: kuna mtu hapa amelipa bei kamili ya tovuti bila punguzo na hajutii?

ShangaziDallas

Ndiyo, Krismasi. Wiki ile hakuna punguzo, na vyumba vinajaa vyenyewe. Lakini mwezi wa nane? Hapana, na hapo ndipo nilitaka tufike.

Ile bei uliyoiona ni dari. Hoteli zile zina vyumba maelfu kwa maelfu, na shule za Orlando zinafunguliwa mapema Agosti, familia zinapungua. Disney hutoa punguzo la vyumba kwa miezi iliyolegea, na kadiri hoteli inavyokuwa ghali ndivyo asilimia inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo usisubiri punguzo ukiwa mikono mitupu. Weka nafasi leo kwa bei kamili, chumba peke yake, usichukue kifurushi. Unatanguliza malipo ya usiku mmoja tu, na ukighairi siku tano au zaidi kabla, unarudishiwa yote. Punguzo likitangazwa, unapiga simu siku hiyohiyo asubuhi: "nina nafasi namba fulani, naomba bei mpya." Chumba chako kikiwemo kwenye mgao wanakubadilishia. Kisipokuwemo, hujapoteza kitu.

Kifurushi cha chumba na tiketi ni habari nyingine: dola 200 za kutanguliza, lazima umalize kulipa siku 30 kabla, na ukighairi ndani ya hizo 30 kuna makato. Tiketi nunua pembeni.

Angalia pia vyumba vinavyoachwa nje ya punguzo. Vile vya Little Mermaid pale hoteli ya Art of Animation, mara nyingi havimo, kwa sababu vinajaa hata bila kupigiwa debe.

BwanaHesabu

Nimerudia hesabu kwa punguzo la asilimia 20. Caribbean Beach inakuwa 240, usiku tano 1,200, pamoja na kodi 1,350. Kissimmee ilikuwa 961. Tofauti 389, sawa na dola 97 kwa siku ya bustani, familia nzima. Hapo hata mimi mbahili naanza kusikiliza.

Lakini mkuu, mko watatu watu wazima. Disney bei yao ni ya wawili. Mtu mzima wa tatu wanamwongezea chaji kila usiku. Iangalie kabla hujalipa.

ShangaziDallas

Na hilo la idadi ni zito kuliko bei, nilisahau kulisema. All-Star na Pop Century chumba cha kawaida ni watu wanne, mtoto chini ya miaka mitatu ndiye hahesabiwi. Nyie watano hamuingii, mpaka suti ya familia au vyumba viwili. Caribbean Beach vyumba vingi vina kitanda cha tano cha kushusha ukutani, kidogo, cha mtoto. Yule wa miaka minne atakigombea. Port Orleans Riverside nako viko vyumba vya hivyo.

KoploMstaafu

Salaam. Kwa wale waliovaa gwanda la Marekani, na najua humu mko wengi toka Kenya na kwingine, hamna haja ya mjadala huu wote. Ipo Shades of Green, hoteli ya wizara ya ulinzi, imekaa ndani ya eneo la Disney kabisa, mkabala na Polynesian. Bei inaendana na cheo, wa chini analipa kidogo. Nusu saa ya asubuhi unapata. Walioko kazini, wa akiba na wastaafu wanaruhusiwa, na siku hizi hata veterani wenye ulemavu uliotokana na utumishi. Mwenye nduguye jeshini amuulize kwa adabu.

Kwa raia mbahili: Fort Wilderness. Kiwanja cha kupiga kambi, kipo tangu Novemba 1971, mwezi mmoja baada ya Disney World yenyewe kufunguliwa. Kiwanja kimoja watu mpaka kumi, hema lako mwenyewe, na haki zote za mgeni wa hoteli, nusu saa ikiwemo. Unakwenda Magic Kingdom kwa boti.

MchumiaJuani

Koplo, nimwambie mama amevuka bahari aje alale hemani Agosti? Nitalaaniwa mkuu.

KoploMstaafu

Huyo mama wa Moshi muogope. Basi.

MrundiWaUbelgiji

Niwape ya upande huu. Disneyland Paris ilifunguliwa Aprili 1992 ikiwa na hoteli sita za kwao wenyewe kwa mpigo, vyumba kama elfu tano, kwa imani kwamba watu watalala kama wanavyolala Florida. Hawakulala. Watu walipanda treni ya RER toka katikati ya Paris, dakika 40 hivi mpaka Marne-la-Vallée, kituo kinakutema mlangoni mwa bustani, jioni wakarudi kwao. Hoteli zikabaki na vyumba vitupu, madeni yakapanda, mpaka 1994 wakalazimika kupanga upya mikopo, na mwanamfalme Al-Waleed wa Saudia akaingia na hela zake.

Nasema hivi kwa sababu inaeleza bei ya Florida. Kule Orlando hakuna treni ya kukushusha getini. Walinunua ardhi, zaidi ya kilomita za mraba mia moja, wakaweka bustani katikati na hoteli zao kuizunguka. Umbali ule anaousimulia Shangazi haukutokea kwa bahati mbaya, na nusu ya bei unayolipa ni ya kuufuta. Huku Ulaya mimi nalala mjini, naenda kwa treni, na sijawahi kuona sababu ya kulipa kamili.

KiburiSina

MrundiWaUbelgiji ameniandikia hoja yangu vizuri kuliko nilivyoiandika mimi. Wameweka ziwa kati yako na geti, kisha wanakuuzia daraja.

ShangaziDallas

Ziwa lipo tayari, KiburiSina. Bibi atavuka na magoti yale yale.

MtoroWaFoleni

Mmesema Disney tu, Universal, mshindani wao wa palepale Orlando, mmeiruka, na kule hesabu inageuka kabisa.

Universal Orlando ina hoteli tatu za daraja la juu za zamani: Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific. Ukilala hapo, kila aliyesajiliwa chumbani anapewa Express Unlimited bure kwa bustani mbili za mwanzo, Universal Studios na Islands of Adventure. Maana yake unaruka foleni karibu zote, mara nyingi upendavyo. Na inafanya kazi siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kwa hiyo unalala usiku mmoja, unatumia siku mbili. Asubuhi unafika hata kama chumba hakijawa tayari, unasajiliwa, unaenda zako bustanini.

Express hiyo ukiinunua kando siku ya watu wengi inapita dola 100 kwa kichwa kwa siku. Watu wanne siku mbili, chukulia 120, ni 960. Chumba cha Royal Pacific hata kikiwa 450 na kodi na maegesho, bado umepata chumba bure na chenji. Pale nalipa bei kamili bila kupepesa jicho, na punguzo likija ni bahati.

Tahadhari mbili. Epic Universe, ile mpya iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kwenye hiyo Express. Na kwako wewe mwenye mtoto wa miaka minne haikufai: mchezo wa Hagrid's unataka inchi 48, VelociCoaster 51. Utalipia kuruka foleni ambazo mwanao haruhusiwi kupanga. Rudi akiwa na miaka kumi.

Kijana wa Ilala

Kumbe! Huu uzi una faida kuliko semina.

Mwali wa Kisauni

Na Disneyland ile ya California je? Dada yangu yuko Anaheim mwezi wa kumi na mbili.

MtoroWaFoleni

Kule usihangaike dada. Barabara ya Harbor Boulevard imejaa moteli za watu binafsi mkabala na geti, unavuka zebra tu. Kadhaa ziko karibu na lango kuliko Disneyland Hotel yenyewe. Hakuna ziwa, hakuna TTC. Bei kamili ya hoteli ya Disney pale ni ya mtu anayetaka jina.

MchumiaJuani

Wakuu, nimefanya hivi. Nimeweka Caribbean Beach usiku tano, chumba peke yake, nimetanguliza usiku mmoja. Nimehakikisha ni chumba chenye kitanda cha tano. Chaji ya bibi imo, nimeiona. Na nafasi ya Kissimmee pia nimeiweka, ile inayoghairika bure. Punguzo likifika asilimia 20, Kissimmee naitupa. Lisipofika mpaka wiki moja kabla, natupa Caribbean Beach, bibi tutamkodia kiti cha magurudumu, na TTC tutaivuka kwa uvumilivu wa Kichaga. Sanaa nimeshapata meza ya saa saba mchana, siku ambayo hatuendi bustani yoyote.

Mke wangu anasema nimetumia muda mwingi kwenye uzi huu kuliko nilivyotumia kununua gari.

BwanaHesabu

Sahihi. Ila weka kengele kwenye simu siku ya nane kabla ya safari, usingoje ya tano. Siku ya tano ikiangukia Jumapili umelewa usingizi, usiku mmoja umekwenda.

KiburiSina

Na kimbunga? Agosti hiyo.

ShangaziDallas

Vikubwa vya karibuni, Ian ilikuwa mwishoni mwa Septemba 2022 na Milton Oktoba 2024, bustani zikafungwa mara zote mbili. Agosti kinaweza kuja, afuatilie taarifa za hali ya hewa na asiwe na tiketi za tarehe zisizobadilika. Kinachomhusu zaidi ni radi za kila siku: Skyliner, ile gari ya kamba inayotoka Caribbean Beach kwenda bustani za EPCOT na Hollywood Studios, inasimamishwa radi ikikaribia. Akiona wingu jeusi asingoje, apande mapema au aende basi.

MchumiaJuani, moja la mwisho na ulifanye leo. Majengo ya Caribbean Beach ni ya ghorofa mbili na hayana lifti. Wapigie, omba chumba cha chini, sema una mzee mwenye magoti. Waandike kwenye nafasi yako, na siku unafika uulize tena kabla hujapewa namba ya chumba.

MchumiaJuani

Shangazi, napiga sasa hivi.